Nathamini taunihausi, naweza kulinganisha na mauzo ya kondo?

mgeni_wa_tepu: Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Nina kazi ya kukadiria bei ya taunihausi ya ghorofa mbili, kuta zimeshikana na majirani pande zote, nikatafuta mauzo ya kulinganisha nikapata matatu, mawili yuniti za kondo mtaa huohuo, vyumba sawa na ukubwa karibu sawa, moja taunihausi ya mbali kidogo. Bosi karudisha ripoti kaandika tu "hazifanani". Hazifanani wapi sasa??

mzee_wa_hati: Taunihausi ni umbo la jengo mdogo wangu, kondo ni aina ya umiliki, usivichanganye. Mwenye kondo anamiliki nafasi ya ndani ya kuta zake pamoja na fungu lake kwenye vitu vya pamoja kama paa, ngazi, ardhi. Taunihausi nyingi zinakuja na kiwanja chake, ila sio zote, zingine kwenye hati ni kondo kabisa na kwa macho hutajua. Soma hati kwanza ndo urudi.

nyumba_ya_katikati: Na sevisi chaji, ile ada ya huduma za pamoja, usiisahau, usiangalie kiasi tu, uliza inalipia nini, maana mmoja analipa kubwa lakini paa, bima ya jengo na maji vimo humohumo, mwingine analipa kidogo halafu paa likivuja ni lake.

mgeni_wa_tepu: Jamani nimesoma hati, ni kondo! Kwahiyo zile mbili zangu zilikuwa sawa 😂

mzee_wa_hati: Usishangilie bado. Hizo ni za gorofani, si ndio? Mnunuzi anayetaka mlango wake wa chini bila mtu kutembea juu ya kichwa chake sio yule anayetafuta lifti. Ni bora uchukue mauzo ya zamani kidogo ndani ya mradi huohuo wa nyumba kuliko kurukia umbo lingine, tofauti ya bei kwa sababu ya muda inarekebishika. Halafu weka angalau moja ya mradi mwingine unaoshindana nao, ukichukua zote za ndani, hasa kama developa, yaani mjenzi wa mradi, bado anauza na anatoa ofa za chinichini, utakuwa unanakili bei zake tu.

mgeni_wa_tepu: Ipo moja mradi huohuo, iliuzwa mwaka jana, ila ni ya pembeni.

nyumba_ya_katikati: Ichukue hiyo. Ya pembeni ina madirisha ya ubavuni na jirani mmoja tu, kwahiyo rekebisha bei kwa hilo na kwa muda, halafu andika kwanini.