Tipa ya Unguja au semi ya Dar–Lubumbashi? Nishaurini

Kijana_Bububu: Assalaam alaykum jamaa. Naendesha tipa hapa Unguja, mchanga na kifusi. Sasa kuna tajiri Dar ana semi, yaani malori ya kuvuta tela, zinazopeleka mzigo Lubumbashi huko Kongo kupitia Tunduma, mpakani na Zambia, ananitaka. Jibu analitaka kabla ya Ijumaa. Na ami yangu yuko Muscat, anasema nisubiri anitafutie huko. Mngekuwa nyinyi mngeshika ipi?

BiMize_Mkoani: Wa alaykum salaam. Mshahara kiasi gani mwanangu? Una mke, una watoto? Hujasema kitu.

MzeeMalindi: Na leseni daraja gani? Tela umewahi kuvuta?

Kijana_Bububu: Leseni ya malori ninayo. Tela nimevuta kidogo, makontena kutoka bandarini Malindi. Mshahara kasema tutazungumza.

MzeeMalindi: Kontena la Malindi na Lubumbashi wapi na wapi. Semi iliyojaa inafika tani 50 hivi pamoja na gari lenyewe. Ukirudi na shaba, mlima Kitonga kule Iringa unashuka kwa gia, si kwa breki. Breki zikipata moto hapo, muombe Mungu.

ChakeKwetu: Baki na tipa yako. Alfajiri uko machimboni, magharibi uko barazani, usiku unalala kwako. Ubaya wake mmoja tu, vibali vya mchanga vikisimama na wewe umesimama.

NjiaYaTunduma: Mie njia hiyo nimeifanya. Watu wanadhani taabu ni kuendesha. Kuendesha ndiyo raha yenyewe! Dar mpaka Tunduma ni kilomita 900 na ushei, Mikumi unapita ukitazama twiga, mizani Vigwaza, Mikese, Makambako, mpaka Mpemba (ndiyo, mahali, Wapemba msifurahi). Taabu ni kusimama. Unalipwa kwa safari, kwa hiyo foleni ya mpakani unaila wewe. Safari moja tulikwama Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, karatasi za mzigo zimekosewa huko huko ofisini kwa tajiri. Posho ikaisha. Ukimpigia anasema "natuma sasa hivi", halafu simu haipatikani. Utingo wangu akawa anaosha magari ya wenzetu tupate unga. Usiku mmoja, mie nimelala ndani ya kichwa cha gari, yeye chini ya tela, wezi wakanyonya tangi. Hatukusikia hata kidogo. Asubuhi kifuniko kiko chini, mchanga unanuka dizeli. Kufika Dar tajiri akayakata mafuta yote kwenye mshahara wangu, eti dereva ndiye mlinzi. Baada ya hapo nikawa silali, nakesha na tochi, kukicha nashika usukani. Ajali nyingi mnazozisikia zinaanzia hapo.

Mtoro_Leicester: Huku Uingereza haifanyiki hiyo. Kuendesha mwisho masaa 9 kwa siku, mara mbili kwa wiki unaruhusiwa 10. Ukiendesha masaa manne na nusu, lazima dakika 45 za mapumziko. Wiki isizidi masaa 56, wiki mbili mfululizo 90. Gari lina takografu, inaandika kila kitu, na askari akikusimamisha anaisoma.

NjiaYaTunduma: Na sisi tuna traka bwana, inamwonyesha tajiri gari liko wapi. Gari likisimama, tajiri anapiga simu. Dereva akichoka, traka haina habari.

Ustadh_Donge: Swala mmeisahau. Njia hiyo una ruhusa ya kupunguza na kukusanya, na Ramadhani unaweza kula ukalipa baadaye. Tipa ya mjini mpaka Nungwi haifiki masafa hayo, utafunga na jua lako.

ChakeKwetu: Mtu yuko njiani mwaka mzima, atalipa lini?

Ustadh_Donge: Ruhusa haiondoki kwa sababu ni kazi. Ila kwa Mashafi, sisi wa madhehebu ya Imamu Shafi, aliye safarini daima, kama baharia, kutimiza swala ni bora.

ChakeKwetu: Baharia anayesemwa ni yule aliyemo chomboni na ahali zake. Dereva mke kamwacha Bububu.

MzeeMalindi: Haya mkamuulize kadhi. Hapa ni magari.

BiMize_Mkoani: Na Muscat mbona hamjibu? Huko wanaendesha upande wa kulia. Ami yako kakwambia kama leseni yetu wanaikubali?

Kijana_Bububu: Hajasema. Ila tajiri kapiga sasa hivi, posho atatoa nusu Dar, nusu Tunduma.

NjiaYaTunduma: Tunduma hujafika hata nusu ya njia, Zambia nzima iko mbele. Mwambie aandike. Siku za foleni nani analipa? Mafuta yakiibiwa je?

Kijana_Bububu: Nimemuuliza la foleni. Kasema njoo kwanza.

Mwera_Boy: Utingo kashapata? Mie nipo, pasipoti ninayo.