Swali: Nani hutoa ruhusa ya kumwaga salfa angani ili jua lipungue makali?

Mwalimu_Mwingi: Habari zenu wanajukwaa. Nafundisha jiografia huku Mwingi, na shambani nina ndengu na mbaazi. Mwanafunzi wangu kasikia kuna watu wanaotaka kurusha salfa angani kupoza dunia. Sayansi yake nimemweleza: mwaka 1991 mlima Pinatubo, Ufilipino, ulitema mamilioni ya tani za gesi ya salfa hadi stratosfia, lile tabaka la hewa lililo juu ya mawingu, na mwaka uliofuata dunia ikapoa kwa karibu nusu digrii. Akaniuliza, "Sasa hao watu, nani atawapa ruhusa?" Hapo nikakwama. Huku kwetu vuli ikikosa hakuna mavuno, kwa hiyo swali hili linanigusa. Kuna sheria?

Halima_NBO: Mwalimu, mkataba mahususi hakuna. Kilicho karibu ni uamuzi wa wanachama wa Mkataba wa Bayoanuwai, ule wa kimataifa wa kulinda aina za viumbe, Nagoya, Japani, 2010: mambo haya yasifanyike mpaka sayansi yake ijitosheleze, isipokuwa utafiti mdogo. Lakini uamuzi huo haumbani mtu kisheria, na Marekani si mwanachama.

Hapa hapa Gigiri, Nairobi, Machi 2019, Uswisi ilileta azimio kwenye Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa suala hili litathminiwe. Marekani na Saudia wakapinga, likaondolewa. 2024 Uswisi wakarudi kuomba kundi la wataalamu. Safari hii Afrika ndiyo iliyokaza, maana mawaziri wetu wa mazingira walishakubaliana Addis Ababa, Agosti 2023, kudai utaratibu wa dunia nzima wa kutotumia teknolojia hii. Likaondolewa tena. Mimi niko nao mia kwa mia. Salfa haikai juu zaidi ya mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo ukianza lazima uendelee. Ukiacha ghafla na hewa ya ukaa bado imejaa, joto linarudi kwa kasi ya kutisha. Nchi gani utaiamini na kazi hiyo kwa miaka mia?

Mzee_wa_Pongwe: Matumizi nakataa, utafiti sikatai. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba salfa ikitanda nusu ya kaskazini peke yake, Sahel, ule ukanda wa kusini mwa Sahara, hukauka. Hiyo ndiyo silaha yetu kubwa mezani, na tumeipata kwa wenzetu. Vuli na masika yetu nani anayahesabu?

Halima_NBO: Shikamoo mzee. Kuhesabu kwenye kompyuta sina ugomvi nako, na vijana wetu wapewe fedha wakafanye. Naogopa majaribio ya puto angani. Mexico walishtukia kampuni ya Marekani imesharusha za salfa Baja California bila kubisha hodi, na Januari 2023 serikali ikatangaza marufuku. Ila Kiruna, Uswidi, mwaka 2021, watafiti wa Harvard walitaka kujaribu mitambo tu, bila kumwaga chochote. Wasaami, wenyeji wa asili wa huko kaskazini, wakaandika barua kupinga, na jaribio likasitishwa.

Mwalimu_Mwingi: Ahsanteni sana. Darasa linataka kuandika barua kwa wizara. Halima, nisaidie: iende kwa waziri mwenyewe, au kwa wale wanaokaa kwenye vikao vya Gigiri?