Ukuta tumepewa na mpangaji, Nairobi: tunaweza kuchora grafiti?

Brashi_na_Kopo
Salaam wadau. Kikundi chetu kimepewa ukuta wa nje wa ghorofa hapa Nairobi, urefu mita 12, kimo mita 3. Aliyekubali ni mpangaji wa duka la chini, kwa mdomo tu. Plasta ina wiki mbili. Ruhusa hiyo inatosha? Na mwenye jengo akiufuta mchoro mwakani, tuna haki gani?

Sheria_Mtaani
Haitoshi. Mpangaji amekodi duka. Ukuta wa nje si wake kuutoa, labda mkataba wake useme hivyo. Kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamshika anayeharibu mali makusudi na kinyume cha sheria, kifungo hadi miaka 5. Mahakama haiulizi kama mchoro ni mzuri. Inauliza kama mwenye mali aliridhia.

Basi mtafuteni mwenye jengo mwenyewe, au wakala aliyeandikiwa mamlaka, atie saini barua yenye namba ya ploti, upande gani wa ukuta, tarehe za kazi, nani atagharamia plasta ikibomoka, na mchoro wenyewe ukiwa umeambatishwa. Hicho cha mwisho ndicho watu husahau, kisha mwenye nyumba anaona sura asiyoitarajia na kudai hakukubali. Kila anayeshika kopo la rangi ya kupuliza awe na nakala mfukoni. Askari wa kaunti akifika saa nne asubuhi, hatasubiri mumpigie mtu simu. Jukwaa la kupandia likikaa kwenye njia ya waendao kwa miguu, hilo linahitaji kibali chake cha kaunti, mbali na barua hiyo.

FundiRangi
Kabla ya barua, subirini plasta. Wiki mbili ni mapema mno. Ipeni siku 28. Saruji changa ina alikali inayokula gundi ya rangi, na maji yakitoka yanasukuma chumvi nyeupe hadi juu, rangi inavimba na kubanduka kama maganda. Pimeni hivi: bandikeni karatasi ya nailoni ya sentimita 45 kwa 45, mzibe kingo zote nne kwa selotepu, mwiache usiku kucha. Mkikuta umande ndani, bado.

Ukikauka, piga praima, yaani rangi ya kwanza, ya kuzuia alikali. Usuli, yaani rangi ya nyuma ya mchoro, pakeni kwa rola na emalshani (rangi ya maji) ya nje: mita 36 za mraba kwa kupaka mara mbili ni kama lita 7 hadi 8. Msijaze usuli kwa makopo. Kopo la mililita 400 hufunika vizuri mita 2 za mraba hivi, mtamaliza fedha bure. Makopo ni ya mistari, vivuli na mng'ao. Ukimaliza kupuliza, pindua kopo chini-juu na ubonyeze mpaka itoke hewa tupu, la sivyo tundu la kutolea rangi linaziba. Na vaeni barakoa yenye kichujio cha mvuke wa kemikali. Ile ya kitambaa haizuii thina.

Chora254
Kuhusu kufutwa: mwenye jengo ana ukuta, mchoraji ana hakimiliki ya mchoro. Ni vitu viwili. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 32, inakupa haki ya kutajwa kama mtunzi wa kazi na kupinga igeuzwe kwa namna inayokuvunjia heshima. Kufutwa kabisa hakukutajwa waziwazi humo, kwa hiyo andikeni ndani ya barua: mchoro ukae muda gani, na mpewe taarifa siku 90 kabla ya kufutwa.

Siku 90 sikuzitoa hewani. Huko New York, jengo la 5Pointz lilichorwa kwa ruhusa ya mwenyewe, kisha Novemba 2013 akalipaka rangi nyeupe usiku. Marekani ina sheria ya 1990 inayolinda kazi za sanaa za kuonekana, na inataja taarifa ya siku 90. Mwaka 2018 jaji aliwapa wachoraji 21 dola milioni 6.75 kwa kazi 45, na rufaa ya 2020 ikaunga mkono. Bila ruhusa ya mwanzo, kesi kama hiyo ingekuwa ngumu sana.

Jambo la maana pia: jina la mtu lililopigwa mara moja kwa rangi moja ni tegi, ni kusema "nilipita hapa". Mchoro mkubwa unatakiwa kuheshimu eneo. Ndani ya Fort Jesus kuna meli zilizochorwa ukutani na Wareno, na leo zinahifadhiwa. Ukiongeza jina lako kando yake umeharibu turathi ya taifa.

Brashi_na_Kopo
Ahsanteni sana. Mwenye duka anataka nembo yake pembeni. Inabadilisha chochote?

Sheria_Mtaani
Inabadilisha sana. Nembo inaugeuza ukuta kuwa tangazo, na tangazo lina kibali na ada ya kaunti ya kila mwaka. Mwambieni achague: ailipie yeye kwa jina lake, au ukuta ubaki sanaa tupu, saini zenu chini kulia.