Mrejesho: Wakaguzi wamekuja kwenye kituo chetu cha wazee Mikindani

Habarini wadau, mi ndo yule niliyeuliza wakaguzi wanaangalia nini kwenye kituo kidogo cha kulelea wazee, tupo Mikindani tuna wazee nane. Basi juzi wamekuja. Jikoni na chooni hawakukaa sana, ila dada mmoja kati yao akamwambia mhudumu wetu achanganye dawa ya kupangusia damu mbele yake, naye akamimina jiki kwa macho tu kama anavyofulia mashuka. Yule dada akamshika mkono taratibu, akachukua kikombe cha plastiki, jiki ya asilimia 3.5 kikombe kimoja maji vikombe sita, hapo unapata klorini ya asilimia 0.5, na kila siku uchanganye mpya maana inapoteza nguvu. Jamani iliniuma, miezi yote hiyo wazee wangu walikuwa hawajalindwa!

Boksi la sindano (kuna bibi anachomwa insulini) lilijaa mpaka mdomoni, kumbe likifika robo tatu unalifunga. Mtungi wa kuzimia moto mshale upo kwenye kijani, yaani presha iko sawa, lakini ulikuwa nyuma ya magunia ya mkaa, tumeuhamishia mlangoni jioni ileile.

Mlionishauri nibandike vipimo ukutani asanteni sana, nimeandika herufi kubwa juu ya sinki na kikombe kinaning'inia hapohapo. Watarudi baada ya wiki mbili.