Mjadala: Anne Clifford alipigania haki za wanawake, au ardhi ya kwao tu?

Wadau, kila akitajwa Lady Anne Clifford wa Uingereza (1590–1676), anasifiwa kuwa mtetezi wa haki za wanawake. Mimi napinga, na ushahidi wangu mkubwa ni maandishi yake mwenyewe.

Baba yake, Earl (cheo cha kikabaila) wa Cumberland, alifariki mwaka 1605. Kwa wosia, ngome na ardhi za kaskazini alimwachia mdogo wake, yaani baba mdogo wa Anne. Anne, mtoto pekee aliyebaki hai, akaandikiwa pauni 15,000. Yeye na mama yake wakafungua kesi, wakishikilia hati ya enzi za Mfalme Edward II iliyoruhusu hata mtoto wa kike kurithi.

Shajara yake ya 1616 hadi 1619 inauma kuisoma. Mei 1616 mumewe, Earl wa Dorset, aliyekuwa akizitaka fedha za suluhu ambazo zingelipwa Anne akisaini kuiacha ardhi, aliagiza binti yao apelekwe London, mbali na mama. Mtoto hata miaka miwili hajatimiza. Anne akamtoa mtoto, saini hakutoa. Januari 1617 wakapiga magoti wote wawili kando ya kiti cha Mfalme James. Mume akakubali yaishe. Mke akaomba radhi, akasema Westmorland, jimbo la kaskazini lenye ardhi hizo, haiachi maadamu yu hai. Mfalme akabembeleza, akatisha, wapi! Machi akaamua hivyohivyo: ardhi ibaki kwa baba mdogo.

Moyo ule naustahi sana. Lakini tazameni anachodai: haki ya damu ya Clifford, yaani yake. Tena hakushinda kwa hoja. Mwaka 1643 binamu yake, mtoto wa baba mdogo huyo, alifariki bila mtoto wa kiume, na ngome ya Skipton na ardhi za Westmorland zikamrudia Anne kwa wosia uleule alioupinga miaka yote. Binamu huyo alikuwa na binti, Elizabeth, ila wosia ule ulitaka wanaume wa upande ule, na wakikosekana ardhi irudi kwa Anne. Anne akafaidika kwa kuwa binti mwingine hakuhesabiwa! Hili wanaomsifu hawaligusi kabisa.

Alipohamia kaskazini mwaka 1649 alikarabati ngome, na akawaburuza wapangaji wake mahakamani kwa ajili ya kodi. Najua mtanitajia makao ya wajane aliyojenga Appleby. Ni sadaka njema, lakini sadaka haimpi mjane haki ya kurithi.

Anayesema alikuwa mtetezi wa wanawake alete mahali Anne alipodai ardhi kwa ajili ya binti asiye wa ukoo wake. Karibuni.