Nimepokea notisi ya siku 90 kutoka benki na nyumba yetu iko hatarini: nianzie wapi?

Baba Wawili, Kitengela

Ndugu zangu, hamjambo. Mwaka 2019 tuliweka nyumba yetu rehani ili nipanue duka langu la vifaa vya ujenzi. Biashara imedorora, na kwa miezi mitano sijalipa chochote. Juma lililopita nilipokea notisi ya siku 90, nami nikaificha dukani, kwa kuwa mke wangu, ambaye alitia sahihi ya kuridhia rehani hiyo, hajui kwamba mambo yamefika hapa. Usiku silali. Je, siku hizo zikiisha tutatolewa nje? Waliopitia haya walistahimili vipi?

Wakili wa Nakuru

Pole sana, ndugu yangu. Siku 90 si muda wa kuhama, bali ni muda ambao Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inakupa ulipe malimbikizo. Zikipita bila malipo, benki inapaswa kukupa notisi nyingine ya siku 40 ya kusudio la kuuza, na nakala yake apewe mke aliyeridhia rehani. Kwa hiyo barua unayoificha leo itamfikia yeye kwa mlango mwingine. Baada ya hapo dalali wa mnada hutoa notisi yake ya siku 45. Haki ya kuikomboa nyumba unabaki nayo mpaka nyundo ya dalali igonge.

Omba benki kwa maandishi taarifa kamili ya mkopo, uone salio la msingi (sehemu ya fedha ulizokopa ambayo bado hujairudisha), riba na faini kila moja peke yake. Tangu mwaka 2007 sheria ya benki inazuia riba inayoongezeka baada ya mkopo kuharibika, yaani kuacha kulipwa, isizidi salio la msingi lililokuwapo wakati huo. Tena benki ina wajibu wa kutafuta bei nzuri, na nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria huchukulia kwamba wajibu huo umevunjwa mpaka benki ithibitishe vinginevyo. Hata hivyo, usitegemee mahakama pekee, kwani kwa kawaida majaji hawasimamishi mnada kwa sababu tu mdaiwa anabishania kiasi cha deni.

Mama Neema, Thika

Shemeji, mimi nilificha barua kama wewe, na watoto wangu walizijua habari hizo siku tangazo la mnada lilipobandikwa langoni petu. Aibu ile iliniuma kuliko deni lenyewe. Nilipokwenda benki hatimaye, nikiwa na hesabu ya mapato ya duka ya miezi sita, walikubali nitafute mnunuzi mwenyewe, fedha zilipwe moja kwa moja katika mkopo. Tuliuza kwa bei ya soko, deni likaisha, na kilichobaki kilitosha kununua kiwanja kidogo. Nililia siku ya kukabidhi funguo, nami sioni haya kusema hivyo. Lakini ningeanza mazungumzo hayo mwezi wa kwanza, pengine wangenirefushia muda wa mkopo na nyumba ingebaki yetu.

Mzee wa Ushirika, Machakos

Mwanangu, usikimbilie shailoki, yule mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, ili ulipe benki, kwa sababu riba yake ya mwezi mmoja itakumalizia hata mtaji wa duka. Jihadhari pia na mtu yeyote anayekuomba ada ya mapema akidai kwamba atazuia mnada. Na huko kukosa usingizi kusikufanye uone haya. Mwone daktari, kwa maana utahitaji akili tulivu ukizungumza na benki.

Baba Wawili, Kitengela

Nawashukuru sana. Jana jioni nilimpa mke wangu ile barua akaisoma. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza ni tarehe gani nilipoipokea, akaanza kuhesabu siku. Jumatatu tunakwenda benki pamoja, na daftari la duka tutalibeba.