Tupeane uzoefu: spea mbovu iliyokuulia injini

Mkazi wa Barani
Assalamu alaikum, ndugu zangu. Jana jioni nikitoka Mambrui niliona gari limesimama karibu na daraja la Sabaki, boneti wazi, na mwenyewe ameketi kando ya barabara ameshika tama. Nilimhurumia kwa sababu nayajua yale makao. Mimi nilikuwa nimebadilisha mkanda wa taiming pamoja na tensiona yake, yaani kile kipuli kinachoukaza, vyote vipya, vimetoka katika boksi zuri lenye nembo. Haukupita muda mrefu, nikitoka Kilifi, injini ikazima ghafla katikati ya msitu wa Arabuko Sokoke na haikukubali kuwaka tena. Ilipofunguliwa, mkanda wenyewe ulikuwa mzima kabisa. Kilichokuwa kimekufa ni beringi ndogo ya tensiona: ilimwaga gololi, mkanda ukalegea, ukaruka meno, na valvu zote zikapinda. Muuzaji, ambaye sitamtaja hapa, alisema kosa ni la fundi, na fundi akasema kosa ni la spea, nami nikabaki na deni la injini. Aliyepatwa na mfano wa haya atueleze, ili tujue tunanunua nini.

Dereva wa Watamu
Yamenifika hayo hayo, na majibu niliyopewa dukani ni hayo hayo.

Fundi wa Majengo
Pole sana, ndugu. Kwa wasiojua, injini nyingi za siku hizi zimejengwa kwa namna ambayo valvu na pistoni hutumia nafasi moja kwa zamu, na mkanda ndio unaozipangia zamu hizo. Ukiruka meno machache tu, pistoni hupanda kabla valvu haijafunga, na hapo chuma hukutana na chuma. Ndiyo maana tensiona ya bei ndogo huua injini ya bei kubwa. Kabla ya kuifunga, izungusheni kwa vidole karibu na sikio. Inatakiwa izunguke kwa uzito kidogo bila kukwaruza, na ikizunguka nyepesi kama haina grisi, irudisheni. Lakini nami niseme jambo ambalo baadhi yenu hawatalipenda. Injini nyingi zinazoletwa kwangu hazikuuawa na spea, bali na maji ya kisima yanayotiwa kwenye rejeta. Maji ya visima vyetu yana chumvi, na chumvi huila aluminiamu ya hedi, yaani kichwa cha injini, na mapezi ya pampu ya maji.

Mwenye Duka, Mambrui
Fundi, kwa heshima zote, jambo hilo mmezoea kutusingizia. Gari langu halijawahi kutiwa maji ya kisima. Hutiwa kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, nami hushuhudia ikitiwa. Pampu mpya ya maji ilipofunguliwa, kile kisahani cha mapezi kilikuwa kimeachana na mhimili wake, kwa hivyo puli ilizunguka vizuri nje na ndani hakuna maji yaliyosukumwa. Gasketi ya hedi iliungua na hedi ikapinda. Chumvi iko wapi hapo?

Fundi wa Majengo
Hapo hakuna chumvi, dada. Hiyo ni pampu mbovu, na sikuwa nikikusema wewe.

Mwalimu wa Gede
Yangu ilikuwa filta ya oili, kitu ambacho wengi hatukifikirii kwa sababu ni rahisi na hubadilishwa kila mara. Nilipokaribia Matsangoni taa ya oili iliwaka, na kabla sijapata pa kusimama injini ilianza kunoki kwa mlio ambao nikiusikia leo kwenye gari la mtu mwingine hunishtua moyo. Baadaye tulizikata kwa msumeno filta mbili, ile iliyokuwamo na nyingine niliyonunua mahali pengine, tukaziweka pamoja mezani. Ile nzuri ilikuwa na karatasi nyingi zilizokunjwa kwa mpangilio, raba ya kuzuia oili isirudi chini injini inapozimwa, na valvu ndogo ya kuruhusu oili ipite iwapo karatasi itaziba. Ile mbovu ilikuwa na karatasi haba iliyoporomoka ikaziba njia, na mahali pa valvu palikuwa na kifuniko kisichofunguka. Beringi za krankshafti, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, zilikosa oili, zikasagika. Kwa nje filta zile zilifanana mpaka kwenye maandishi, na jambo hilo ndilo linalonikera hata sasa, kwa sababu aliyezitengeneza alijua anachokifanya.

Kijana wa Gongoni
Ushauri wangu ni mmoja: acheni vipya, nunueni vya mtumba vilivyong'olewa kwenye magari ya Japani. Angalau vilitoka kiwandani kwa mwenyewe.

Fundi wa Majengo
Hedi ya mtumba, sawa. Altaneta, sawa. Lakini mkanda, sili na kila chenye raba visinunuliwe vya mtumba, kwa sababu raba huzeeka hata ikiwa imekaa rafuni.

Nahodha wa Faza
Niruhusuni nami niseme, ingawa chombo changu hakina magurudumu. Mashini ya boti, yaani injini inayofungwa nyuma ya chombo, hupozwa kwa maji ya bahari, na kinachoyapandisha ni kigurudumu kidogo cha raba chenye mapezi, kilicho chini karibu na rafadha. Nilikuwa nimeweka kipya. Usiku mmoja wa kusi niliamshwa nimpeleke mama mjamzito hospitali ya Lamu, uchungu umeshamshika, akiwa na mamake na mumewe. Kutoka Faza nilitazama ule uzi wa maji unaotoka kando ya injini, nikauona unatoka sawasawa. Tulipofika katikati ya ghuba ya Manda, kabla ya kuingia mlango wa bahari wa Mkanda, uzi ule ukakatika. Nilipunguza moto, nikanyanyua injini kutazama kama ni majani yameziba, hayakuwapo. Nikaiwasha tena, ikalia king'ora cha joto, kisha ikakaza na kufa. Raba ya kile kigurudumu ilikuwa imebanduka kutoka kwenye kitovu chake cha shaba, kwa hivyo mhimili ulizunguka peke yake na mapezi yakabaki yamesimama.

Maji ya bahari yalikuwa yakipwa na upepo unatusukuma. Nilitia nanga, ikaburura kwanza, kisha ikashika. Mama yule hakupiga kelele hata mara moja. Aliyekuwa akilia ni mumewe. Simu haikuwa na mtandao, na taa niliyokuwa nayo ni kurunzi. Niliizungusha hewani mpaka mkono ukafa ganzi. Aliyetuona ni mvuvi mwenye mashua ya tanga, ambaye alikuja, akawapokea wote watatu na kuwafikisha Lamu kwa upepo mtupu, mimi nikabaki na chombo mpaka alfajiri. Raba ile ingali kwangu. Sijaitupa na sitaitupa.

Dereva wa Watamu
Nahodha, pole, lakini mada ilikuwa magari.

Mwenye Duka, Mambrui
Kisiwani Lamu chombo ndicho gari, ndicho matatu na ndicho ambulensi. Mwache mtu aseme. Nahodha, mtoto je?

Nahodha wa Faza
Alizaliwa salama, dada, alhamdulillahi. Ni msichana, na sasa anasoma chuoni.

Mwalimu wa Gede
Alhamdulillahi. Nimeisoma nikiwa nimezuia pumzi.

Mstaafu wa Shela, Malindi
Nimefurahi kwa mtoto, sasa turudi kwenye haki zetu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mteja haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili na haki ya kufidiwa hasara iliyotokana na kasoro. Iko pia Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012. Dai lisilozidi shilingi 1,000,000 linaweza kwenda kwenye mahakama ya madai madogo, ambako si lazima uwe na wakili na hukumu inatakiwa itoke ndani ya siku 60. Spea ikiwa bandia, iko Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Msiitupe ile spea iliyovunjika, na msikubali kuuziwa bila risiti.

Kijana wa Gongoni
Mzee wangu, anayeshinda mahakamani ameacha kazi yake nani aifanye? Bora ukatafute duka jingine.

Mstaafu wa Shela, Malindi
Ukihama duka, kijana wangu, yule muuzaji atamuuzia jirani yako. Tena si bandia tu. Mwaka 2015 kule Marekani Hyundai iliita yarudishwe kutengenezwa karibu magari 470,000 aina ya Sonata ya 2011 na 2012, kwa sababu vipande vya chuma vilivyobaki kiwandani kwenye krankshafti viliweza kuziba njia ya oili na kuua beringi. Wenye magari wale waliandikiwa barua. Sisi tunaonunua magari yaliyokwisha kutumika, barua ya namna hiyo yaweza isitufikie, kwa hivyo ingizeni wenyewe namba ya chasisi kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Mkazi wa Barani
Ahsanteni nyote. Mzee, nimeamua kudai. Tensiona ninayo, valvu zilizopinda ninazo, na risiti ipo. Fundi wa Majengo, je, utakubali kuandika maelezo ya ulichokieleza hapa na kutia sahihi?

Fundi wa Majengo
Nitakubali, lakini niione kwanza kwa macho yangu. Niletee tensiona pamoja na lile boksi, na usiisafishe.

Dereva wa Watamu
Kama boksi ni la buluu lenye ukanda mweupe, nami ninalo kama hilo nyumbani. Nitalileta pia.